Jasho la kazi linapimwaje?



Tangu mizani mpya ilipowekwa nyuma ya dispensari yetu hapa Opala, maneno mengi yanasemwa kambini. Wengine wanasema kwamba kampuni inataka kujua nani anaficha jiwe mwilini. Wengine wanasema ni njia ya kuwatafuta walio dhaifu ili waondolewe kazini. Maneno hayo yanastahili jibu, na nitayajibu mbele kidogo. Lakini kwanza tueleze kazi yenyewe ya mizani ile. Tunataka kupima jasho la mtu anayefanya kazi ndani ya nguo za kazi.

Jasho lina kazi gani?

Mtu anayechimba shimo la utafiti au kukata njia msituni ni kama jiko linalowaka. Nguvu anayoipata katika chakula haiingii yote katika sepeto na panga. Sehemu ndogo tu, robo moja au chini ya robo, ndiyo inayofanya kazi. Zote zinazobaki zinageuka kuwa joto ndani ya mwili. Joto hilo lazima litoke, maana mwili unataka kukaa karibu na digri 37. Ukipita digri 40, akili yenyewe inaanza kuharibika.

Ili kulitoa joto, mwili una vitundu vya jasho vilivyotawanyika katika ngozi, hesabu yake ni kati ya milioni mbili na milioni nne kwa mtu mmoja. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, inaondoa joto la kilokalori 580 hivi. Joto hilo lingetosha kuchukua lita saba za maji ya mto Lomami na kuyafikisha mpaka yatokote. Lakini lita ile ile ikidondoka chini, au ikinyonywa na salopeti, au ikijaa ndani ya mabuti, mwili unapata faida ndogo sana au haupati kitu. Maji yametoka, chumvi imetoka, na joto limebaki palepale.

Huku kwetu shida hiyo ni kubwa kuliko mahali pengi. Opala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua inanyesha karibu kila mwezi, na ndani ya msitu upepo haupiti. Hewa imekwisha kujaa maji. Waulizeni wamama wanaofua nguo: siku nyingine salopeti inashinda kwenye kamba kutwa nzima na jioni bado ni mbichi. Basi, kama jua na kamba havikuweza kuikausha, jasho lililo chini ya salopeti hiyo, juu ya mgongo wa mtu aliyeinama shimoni, litakauka namna gani?

Waliotutangulia

Kupima jasho kwa mizani si jambo la jana. Mganga mmoja wa Italia, Santorio Santorio, aliyefundisha katika mji wa Padua, alitundika kiti chake kwenye mizani kubwa. Alipima mwili wake, chakula chake, kinywaji chake, na vyote alivyovitoa chooni. Aliandika kitabu juu ya vipimo hivyo mwaka 1614. Aliona kwamba sehemu kubwa ya vitu alivyokula na kunywa haikuonekana chooni. Ilitoka kwa ngozi na kwa pumzi bila mtu kuiona.

Wachimbaji waliingia katika habari hii baadaye. Katika miaka ya 1920, huko Uingereza, mtaalamu K. Neville Moss aliwapima wachimbaji wa makaa ya mawe kabla na baada ya zamu katika mashimo yenye joto kali. Watu hao walitoka jasho kwa kilo nyingi, walikunywa maji matupu kwa wingi, halafu misuli yao ilikakamaa kwa maumivu makali. Yeye na mwalimu J. S. Haldane walionyesha kwamba chumvi kidogo katika maji ilipunguza maumivu yale. Katika mashimo marefu ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, watu walikufa kwa joto, ndipo wataalamu wa huko, kama Wyndham na Strydom, wakachunguza namna ya kuwazoesha wageni. Wachimbaji wapya walitiwa siku kadhaa katika vyumba vya joto na unyevu, wakipanda na kushuka vipandio, kabla ya kupelekwa chini.

Na hapa nchini kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, kwa mfano kule Likati mwaka 2017 na Kivu ya Kaskazini kuanzia 2018 mpaka 2020, wauguzi walivaa mavazi yasiyopitisha hewa wala maji. Mavazi hayo yaliwakinga na ugonjwa, lakini jasho halikuwa na njia ya kukauka. Kwa hiyo watu hawakuachwa kukaa ndani yake muda mrefu: baada ya saa moja hivi lazima watoke. Hakuna aliyewaita wavivu.

Namna ya kupima

Asubuhi mtu aende kwanza chooni. Halafu anapanda juu ya mizani mara mbili: mara ya kwanza bila nguo, nyuma ya pazia, mara ya pili akiwa amevaa nguo zake zote za kazi, zikiwa kavu, pamoja na mabuti na kofia. Panga, tochi, simu na chakula cha mfukoni vibaki nje. Mwenye kuona haya afunge taulo kavu, nasi tutaipima taulo hiyo peke yake na kuondoa uzito wake. Wamama wanapimwa na mama muuguzi. Mimi nakaa nje.

Kazini, kila kinachoingia mdomoni kinaandikwa. Maji yanywewe katika chupa iliyopimwa. Kwanga au ndizi ipimwe kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuondoka, na kama kipande kimebaki kirudishwe. Mkojo utiwe katika chupa nyingine na kupimwa pia. Jambo hili linawachekesha vijana, lakini bila hilo hesabu inaharibika.

Baada ya kazi tunageuza utaratibu. Kwanza mtu anapimwa na nguo zake, upesi, kabla hajakaa kupumzika. Kisha anavua, anajifuta jasho lote kwa taulo, hata nywele na katikati ya vidole, na anapimwa tena bila nguo.

Tuchukue mfano. Tuseme baba mmoja ana kilo 62.0 bila nguo, na kilo 65.4 akiwa na nguo. Basi nguo zake na mabuti vina kilo 3.4. Anachimba kwa saa 3. Anakunywa lita 1.2 za maji, yaani kilo 1.2. Anakula kwanga ya kilo 0.2, na anatoa mkojo wa kilo 0.2. Akirudi, mizani inaonyesha kilo 65.3 na nguo, na kilo 61.0 bila nguo.

Mtu asiyejua kupima angetazama ile hesabu ya nguo peke yake na kusema: "Amepoteza gramu 100 tu, kazi ilikuwa nyepesi." Hebu tufanye hesabu vizuri. Bila nguo amepungua kilo 1.0. Tunaongeza maji aliyokunywa, 1.2, na chakula, 0.2, halafu tunaondoa mkojo, 0.2. Tunapata kilo 2.2. Hilo ndilo jasho lote lililotoka, pamoja na maji kidogo ya pumzi ambayo tunayahesabu humo humo.

Sasa hesabu ya pili. Na nguo amepungua kilo 0.1. Tunaongeza 1.2 na 0.2, tunaondoa 0.2, tunapata kilo 1.3. Hilo ni jasho lililokwenda zake: lililokauka, na pia lile lililodondoka chini. Tofauti ya 2.2 na 1.3 ni kilo 0.9. Iko wapi? Iko ndani ya salopeti, soksi na mabuti. Kweli tukipima nguo peke yake sasa zina kilo 4.3, na asubuhi zilikuwa 3.4. Karibu lita moja ya jasho ameitoa bure, na ameibeba mgongoni njia nzima ya kurudi kambini.

Mnaona sasa kwa nini tunapima mara mbili. Kipimo cha bila nguo kinatuambia mtu anahitaji maji kiasi gani. Kipimo cha na nguo kinatuambia kama nguo zinamsaidia au zinamfunga.

Kuna mambo yanayodanganya mizani. La kwanza ni tope. Buti lililokanyaga kinamasi linaweza kurudi na udongo mzito kuliko jasho lote la mtu, kwa hiyo lazima lisafishwe kabla ya kupanda. La pili ni mvua, au kuvuka kijito maji yakafika magotini. Siku hiyo tunaacha kabisa hesabu ya nguo na kushika ile ya bila nguo peke yake. La tatu ni mizani yenyewe. Lazima ikae juu ya ubao ulio sawa, si juu ya mkeka. Kila asubuhi tunaijaribu kwa bidoni: tunaipima tupu, halafu tunatia lita 5 za maji. Tofauti lazima iwe kilo 5. Isipokuwa hivyo, siku hiyo hatupimi mtu.

Juu ya maneno ya kambini

Karati moja ya almasi ni gramu 0.2. Mizani yetu inasoma kwa hatua za gramu 100. Ili mizani ile ione jiwe, lazima jiwe lenyewe liwe na karati 500. Mwenye kumeza jiwe la namna hiyo atahitaji muganga mwingine, si mimi. Na chembe za dhahabu tunazoziona katika sahani za kuoshea hazifikii hata gramu moja. Kwa kukamata wezi mizani ile haifai kitu.

Juu ya wanaoitwa dhaifu: kutoka jasho jingi si alama ya udhaifu. Ni kinyume kabisa. Mwili uliozoea joto unaanza kutoka jasho mapema, unatoka jasho zaidi, na jasho hilo lina chumvi kidogo kuliko la mgeni. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye amekuwa mwekundu wa macho, ana joto, anayumba, na jasho lake ni kidogo. Karatasi za vipimo zinaandikwa namba, si jina. Zinakaa katika kabati ya dispensari, na ufunguo ninao mimi.

Maji ya kikosi

Sasa turudi kwa baba yetu wa mfano. Amepungua kilo 1.0 katika kilo 62, yaani 1.6 kwa mia. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya kazini, NIOSH, inasema mtu asipungue zaidi ya 1.5 kwa mia katika siku nzima ya kazi. Huyu amekwisha kupita mpaka huo kwa saa 3 tu, na alikunywa maji zaidi ya lita moja! Kiu haikumwambia. Jambo hili lilionekana pia kwa askari wa Marekani waliochunguzwa na E. F. Adolph na wenzake katika jangwa wakati wa vita ya pili ya dunia, na kitabu chao kilitoka mwaka 1947. Mtu anayetoka jasho akiachwa anywe kwa kiu yake tu, hayarudishi maji yote yaliyotoka. Mengine anayarudisha baadaye wakati wa kula.

Hapa naomba makapita wasome polepole. Vikosi vingi vinatoka kambini na bidoni moja ya lita 20 kwa watu 8. Hiyo ni lita 2.5 kwa mtu. Kama mtu anatoka jasho lita 2.2 kwa saa 3, kwa saa 6 atatoka lita 4.4. Watu 8 ni lita 35 na zaidi. Bidoni moja haitoshi, na haikupata kutosha. Tunajua nini kinatokea ikiisha: watu wanakunywa maji ya kijito, na wiki inayofuata nawaona dispensari na kuhara, au na homa ya matumbo. Baadhi ya makapita wananiambia kwamba mtu wa kubeba bidoni ya pili ni mtu aliyeondolewa katika kuchimba. Ni kweli. Lakini mimi nahesabu pia siku ambazo wanaume watatu wamelala kwenye mkeka wangu na sepeto zao zimesimama. Kwa maoni yangu bidoni ya pili ni ya bei rahisi kuliko vyote vilivyo katika stoo.

Mtu anywe kikombe kimoja, robo lita hivi, kila baada ya dakika 15 au 20, akiwa na kiu au hana. Asingoje mapumziko na kunywa lita mbili kwa mara moja. Na asipite lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi mno yanapunguza chumvi ya damu, na hayo nayo yanaweza kuua. Chumvi inatosha kwa kawaida katika pondu, samaki na lituma tunazokula, kama mtu amekula kweli kabla ya kutoka. Vidonge vya chumvi vilivyogawanywa zamani katika migodi mingi sivitoi. Vinachoma tumbo. Kwa siku ya jasho jingi sana, tia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni maji yale yale tunayompa mtoto anayehara. Wenye ugonjwa wa msukumo wa damu wasiongeze chumvi bila kuniuliza.

Mtazame na mkojo wenu. Ukiwa mweupe au manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa kama chai kali, mmechelewa. Wakataji wa miwa wa El Salvador na Nicaragua, waliofanya kazi miaka mingi katika joto kali na maji machache, wengi wao wameharibika figo wakiwa bado vijana. Wataalamu wanaendelea kuchunguza sababu zote, lakini joto na upungufu wa maji vimo.

Nguo gani, na wakati gani?

Wengi wananiuliza: basi tuvue salopeti? Hapana. Msituni kuna miiba, nyoka, siafu na panga la jirani. Jangwani nguo hata zinapunguza jasho, kwa sababu zinazuia jua. Adolph aliliona hilo. Chini ya miti yetu faida hiyo ni ndogo, lakini ngozi bado inahitaji kinga. Tunachotafuta kwa mizani ni kitambaa gani kinaacha jasho likauke. Mtu yule yule, kazi ile ile, siku mbili zinazofanana, salopeti ya pamba siku moja na ya nailoni siku nyingine. Tunatazama ni ipi iliyobaki na jasho jingi ndani yake. Vipimo vitasema, na karatasi itakwenda kwa wanaonunua.

Jambo moja halihitaji kungoja vipimo: koti la mvua la plastiki. Ni zuri kwa safari ya mtumbwi na kwa kukaa. Kuchimba nalo ni kujifunga ndani ya sufuria yenye kifuniko. Mvua ikinyesha mkiwa shimoni, vueni koti, mloe; maji ya mvua yanapoza. Kazi ikiisha, vaeni shati kavu.

Wageni na waliotoka likizo

Mtu mpya asipewe shimo zima siku ya kwanza. NIOSH inashauri apewe kazi ya joto sehemu ya tano tu siku ya kwanza, na kuongeza sehemu ya tano kila siku. Anayerudi kutoka likizo, hata awe fundi wa miaka kumi, aanze na nusu, halafu aongeze kwa siku tatu. Mazoea ya joto yanapotea upesi. Aliyekaa wiki kadhaa Kisangani chini ya feni amekuwa mgeni tena.

Na mtu akianguka? Akiwa na mwili wa moto na maneno yasiyo na maana, au akitaka kupigana bila sababu, msiseme "ni malaria" na kumwacha alale. Inaweza kuwa malaria, lakini inaweza kuwa joto, na joto linaua kwa muda mfupi. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo na mabuti, mmwagieni maji mengi mwili wote, hata ya kijito, na mpepee kwa majani bila kuacha. Mtu mwingine akimbie kuniita. Msimbebe kwanza njia ya saa mbili akiwa bado anawaka: mpozeni hapo hapo, halafu mmlete. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni.

Kupima kutaanza na kikosi cha mashimo, Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, halafu Jumatano kikosi cha wakata njia. Kila mtu aje na salopeti kavu, mabuti yaliyooshwa, na chupa yake. Kapita aje na bidoni mbili.